Maduara Yaliyofichwa Kwenye Njia ya Rhobi

"Kumpandisha mlemavu baiskeli na kumpeleka porini ni kumtafutia kifo."

Makuri, mwenye duka la vifaa vya wachimbaji, ameandika hivyo leo Jumanne asubuhi kwenye kundi la WhatsApp la kijiji, na watu wakamwekea vidole gumba. Nje, mawingu yamelalia milima ya Gorong'a tangu juzi. Mvua hainyeshi, wala haiondoki.

Nakukatalia, Makuri.

Rhobi amevuka thelathini na miguu yake haijawahi kumbeba. Alipokuwa msichana alitambaa kwenda mtoni akiburuta dumu la maji, wewe umekaa kwenye kibaraza cha duka lako, na sikumbuki ukisema neno juu ya kifo. Leo anapita kwenye baiskeli ya magurudumu matatu, anazungusha pedali kwa mikono, anawaacha wenye miguu yao kwenye mlima, ndipo huruma imekushika. Hiyo si huruma. Umezoea kumwona akitambaa.

Lakini hapa naandika ukweli wangu wote. Nina hofu, na imenianza leo.

Jumamosi Rhobi na wenzake wanashindana mbio za baiskeli za porini kwa watu wenye ulemavu, mara ya kwanza huku kwetu. Njia inakata malisho ya zamani mpaka mtoni. Barabara kuu haifai. Tangu dhahabu ionekane, malori ya mawe yanapita pale kama yanakimbizwa. Kwa hiyo leo tulikwenda kuijaribu njia. Marwa, binamu yake, alitangulia kwa baiskeli ya kawaida kuangalia mbele, kwa sababu Rhobi anakaa chini sana na nyasi zinamziba macho. Mimi nilikuwa nyuma kwa miguu, nimeshika mkanda uliofungwa kwenye baiskeli yake ili kumzuia mteremkoni.

Sheria yetu ni moja: fuata njia ya ng'ombe. Palipozoea kupita kundi zima, ardhi ni ngumu.

Katikati ya mteremko Rhobi alifunga breki.

"Mura," alimwita Marwa, yaani kijana kwa lugha yetu, "samadi hii ni ya lini?"

"Unataka kuinunua?"

"Imekauka mpaka imeota nyasi. Ng'ombe wenyewe wameiacha njia hii. Wewe una akili kuliko ng'ombe?"

"Ng'ombe wa kwenu wananishinda," Marwa alisema akicheka. "Twende bwana. Mimi si nimepita?"

Alikuwa amepita kweli. Lakini baiskeli yake inakanyaga mstari mmoja tu, na ya Rhobi inachukua karibu upana wote wa njia. Rhobi alisogea kidogo. Gurudumu la kushoto likazama, na ardhi ikabonyea kama godoro. Niliuvuta mkanda kwa uzito wangu wote, na kwa mara ya kwanza maishani nimeshukuru kuwa mnene.

Udongo ulimomonyoka. Chini yake tukaona turubai la bluu limetandazwa juu ya fito. Marwa alitupa jiwe kwenye tundu.

Tulisubiri kulisikia likitua. Tulisubiri.

Mwanamume mmoja alitokea kichakani, vumbi jekundu limemjaa mpaka kwenye kope.

"Shikamoo mama. Naomba mnirudishie huo udongo kama ulivyokuwa."

"Umeona huyu alikuwa anaingia humo?"

"Nimeona. Pole sana dada. Lakini turubai likionekana wenzangu wataingia kuniibia. Mimi naenda mnadani, hili duara nimwachie nani?"

Ndivyo wanavyofanya siku hizi. Mchimbaji akienda mnadani au kusalimia nyumbani, anafunika duara lake, shimo la kuchimbia dhahabu, kwa fito na turubai, anamwaga udongo, anapachika nyasi juu, mwizi asijue. Wachungaji walipoona hivyo wakahamisha mifugo yao kimyakimya, bila kutuambia sisi tunaopita huko kwa magurudumu.

"Yapo mangapi mengine kutoka hapa mpaka mtoni?" niliuliza.

"Mama, kila mtu na lake. Mimi nalijua langu tu."

Alisema kwa upole kabisa, kama anayenielekeza dukani.

Nimerudi nyumbani na maneno hayo. Ofisi ya kijiji haijui. Wachungaji wanajua pa kukwepa tu. Wachimbaji wenyewe wanafichana. Kilima kizima kimetobolewa na hakuna mtu hata mmoja anayekijua. Makuri, wewe unayeuza maturubai hayo ya bluu, niambie ni nani anayemtafutia mwenzake kifo.

Nilimwambia Rhobi tuahirishe. Alikuwa anafuta udongo kwenye mnyororo, hakuinua kichwa.

"Mpaka lini, Mama Bhoke? Mpaka dhahabu iishe? Mimi Jumamosi nitakuwa pale juu. Usiposhika mkanda wewe, atashika mwingine."

Atakuwepo. Namjua. Nikimzuia, nimemfungia ndani kwa mikono yangu. Nikishika mkanda, sijui chini yake pana nini, na mara hii huenda uzito wangu usitoshe.

Basi nawaandikia ninyi wenye maduara kati ya kilima na mto. Najua mnanisoma kwenye simu mkingoja zamu ya kushuka. Siwaambii mwache kuchimba. Nawataka Ijumaa, kabla jua halijazama, kila mmoja alifunue duara lake lililo njiani na alizungushie miiba. Anayeogopa wezi, Jumamosi asubuhi asimame mwenyewe kando ya duara lake, aonekane, mpaka mshindani wa mwisho apite.

Kwenye mazishi huwa mnafika wote bila kuitwa. Safari hii njooni kabla.