Edward Alibatizwa kwa Chai

Nakwa, Babati
9 Februari 2025

Mama yangu,

Dorika amenyakua karatasi ya kwanza sasa hivi akaitia mdomoni. Nimemtoa vipande kwa kidole huku akinicheka na vijino vyake viwili, kwa hiyo naanza upya. Shikamoo mama. Tumbo lako linaendeleaje? Sisi wazima, Romani anakusalimia, mahindi yamefika magotini.

Nakuandikia kwa sababu simu haifai. Masikio yako yanataka nipige kelele, na jambo hili siwezi kulipigia kelele majirani wakasikia. Hata Romani sijamwambia.

Mama, wote mnajua kwamba Edward, pacha wake Dorika, nilimbatiza mwenyewe wodini kabla hajafa. Ndiyo maana katekista alikuja kumzika na msalaba ukawekwa. Hakuna aliyeniuliza nilitumia nini.

Siku ile bomba lilikuwa kavu tangu asubuhi. Nesi alikimbia kumwita daktari. Midomo ya mtoto ikaanza kubadilika rangi. Karibu yangu palikuwa na chupa ya chai aliyoleta Romani, chai ya rangi, imeshapoa. Nikammiminia kichwani mara tatu, nikasema kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Akafa wakati namfuta kwa kanga.

Jumatano kwenye jumuiya, mwenyekiti wetu Mama Scola alitufundisha kubatiza kwa dharura. Akasema, "Ni maji tu. Si soda, si maziwa, si chai." Otilia akadakia, "Na kule kilabuni kwa Baba Benedict ambako maji hayaonekani, ila pombe?" Wakacheka hadi wakashikana mabega. Na mimi nikacheka, mama, wasije wakaniona.

Tangu tumzike nilikuwa najiambia, nikifika mbinguni nitamkuta, naye atanijua. Hilo ndilo lililokuwa linaniinua kitandani. Sasa je? Nimemfungia mlango mimi mwenyewe? Niambie ukweli, wewe umesali miaka mingi kuliko mimi.

Watu wameshaanza kuniita Mama Dorika tu.

Mwanao,
Mama Edward na Dorika


Mbulu
3 Machi 2025

Mwanangu Fabiola, Mama Edward,

Marahaba. Ng'ombe amezaa dume. Mimi si mzima sana, tumbo limejaa maji tena na uji nikinywa unarudi. Kaka yako Melkiori alinipeleka hospitali, wakaniangalia, wakaturudisha nyumbani. Hawakusema mengi na mimi sikuuliza.

Barua yako nimekaa nayo wiki tatu. Nilitaka kukuandikia kwamba chai ni maji yaliyotiwa majani, basi. Nikashindwa. Sijui, na wewe umeniomba ukweli.

Nikuambie la kwangu. Kabla ya Melkiori nilizaa mtoto wa kiume. Aliishi kuanzia asubuhi hadi saa nane mchana. Maneno ya ubatizo niliyajua, na maji yalikuwemo mtungini, hatua tatu. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nikaona aibu kubatiza mbele ya mama mkwe, nikasema tungoje katekista. Katekista alipofika alimkuta amepoa, akasema, "Huyu hamtamwona tena." Tukamzika nyuma ya zizi bila msalaba. Marehemu baba yenu akakataza asitajwe.

Nilimpa jina kimyakimya, Aniceti. Kila jioni namwombea, huu ni mwaka wa arobaini na tatu. Mwanangu, wewe ulikuwa na chai ukaitumia. Mimi nilikuwa na maji nikayaacha.

Nenda kwa padre. Usiogope kama mimi. Na mimi niulizie. Naona njia yangu si ndefu tena, nataka kujua kama mtoto wangu yupo huko ninakokwenda. Padre akisema hayupo, niandikie hivyohivyo.

Mama yako,
Mama Aniceti


Nakwa, Babati
27 Machi 2025

Mama Aniceti, mama yangu,

Shikamoo. Uji unakaa sasa? Nisamehe kwa kuchelewa. Mara mbili nilifika mlangoni kwa padre nikapanda bajaji nikarudi. Jana nikaingia, Dorika mgongoni.

Padre Apolinary alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akauliza, "Ilikuwa na sukari?" Nikasema, "Kidogo, Padre." Akataka kucheka, akaona machozi yangu, akaacha.

Akasema, "Mama Edward, siwezi kukuambia kwamba chai ni maji. Lakini utaratibu wa maji tumepewa sisi. Mungu mwenyewe haumfungi. Tunatumaini."

Nikakasirika mama, Mungu anisamehe. Nikamwambia, "Padre, kutumaini nimeshatumaini. Nataka kujua."

Nje mafundi walikuwa wanagonga mabati. Akauliza, "Ulipommiminia ulikuwa unataka nini?"

"Awe wa Mungu. Nisimpoteze."

"Na unadhani Mungu alitaka pungufu ya hapo?"

Kujua bado sijajua, nakuambia ukweli. Lakini niliporudi nilimweleza Romani yote. Akasema chai ile aliichemsha yeye, basi tulimbatiza wawili.

Sasa lako. Nilimweleza Padre habari za Aniceti na maji ya mtungini. Akauliza umemwombea miaka mingapi, nikamtajia. Akasema, "Mwambie mama, kama Mungu angekuwa amemtupa mtoto huyo, angemwacha mama amsahau."

Jumapili atayasoma majina ya wanetu wawili kwenye misa ya kwanza. Nimeyaandika kwa mkono wangu, Aniceti juu kwa kuwa ndiye mkubwa. Barua hii naipa konda wa basi leo hii, na Jumamosi nakuja kukuchukua, hata kama ni kubebwa Melkiori atakubeba. Nataka usikie mtoto wako akitajwa mbele za watu. Nimemwomba Padre apaze sauti, nawe utakaa benchi la mbele kabisa. Ngoja mama, Romani ananiita uani. Ameshika simu, anasema ni Melkiori, hasemi kitu, analia tu. Nikirudi nitakuandikia saa nitakayofika ili