Harufu Chini ya Kiti

Jumatano, 27 Julai 1955
Madaftari ya darasa la saba yamekwisha. Desimali bado ni kilio. Nimeosha gari, kisha nimekaa ndani robo saa nzima, milango imefungwa, redio inaimba, sina ninakokwenda. Habari kutoka Dar es Salaam, halafu magitaa. Sauti inakoroma kidogo. Lakini ni sauti, na inatoka kwenye gari langu.

Redio ya zamani ilikuwa imekufa tangu Mzungu wa Idara ya Kilimo aliponiuzia gari. Hii mpya, yaani mpya kwangu, imetolewa kwenye gari lililopinduka. Fundi Salum alitaka nimwachie gari siku mbili. Nikamwambia mtu anayefundisha sura ya umeme hahitaji fundi. Nilisema hivyo mbele ya watu wa gereji, kwa sauti. Betri ya gari hili imefichwa chini ya kiti cha nyuma. Nikavuta waya kutoka hapo, nikaupitisha chini ya mkeka wa sakafuni hadi mbele. Alasiri moja tu. Nilijiona bingwa.

Ijumaa, 29 Julai
Fyuzi imekatika. Ya tatu. Nikiwasha taa, redio inanyong'onyea. Nikipiga honi, inanyamaza, kisha inarudi kwa kelele. Leo asubuhi betri ilikuwa imekufa, walimu wenzangu wawili wakasukuma. Mmoja akauliza kama na hilo limo kwenye sura ya umeme. Nilicheka nao. Iliniuma.

Jumapili, 31 Julai
Aibu ya leo sitaisahau.

Katikati ya mahubiri honi ya gari ikaanza kulia yenyewe, nje, chini ya dirisha la kanisa. Haikukoma. Mchungaji akanyamaza. Kanisa zima likageuka kunitazama mimi, si dirisha. Nilitoka mbio, nikafungua boneti, nikang'oa waya wa honi kwa mkono. Niliporudi kukaa, mke wangu Koku alikuwa anatazama kitabu cha nyimbo. Alikuwa amekishika juu chini.

Jumatatu, 1 Agosti
Nimepata dawa ya fyuzi. Mwalimu mwenzangu anavuta sigara. Nimechukua ile karatasi inayong'aa ndani ya pakiti, nikaizungushia fyuzi iliyokatika, nikairudisha mahali pake kando ya betri. Redio imeimba mchana kutwa bila kukatika. Honi nayo nimeiunga upya, imetulia.

Najua fyuzi ni ya kazi gani: ikatike kabla waya haujaungua. Nimeiandika ubaoni mara nyingi, hata mchoro wake. Basi, ni kwa muda tu, mpaka nipate nyingine.

Alhamisi, 4 Agosti
Mama mkwe anakuja Bukoba kesho kwa lori la kahawa, hospitali imwone macho. Jumamosi nitamrudisha Muleba mwenyewe. Koku atakaa mbele na mimi. Lazima awepo. Mimi simtazami mama yake usoni, wala yeye hanitazami, wala hatusemezani. Neno lolote linapita kwa Koku. Ndivyo tulivyolelewa, na hata kanisani hakuna aliyetuambia tuache.

Jumapili, 7 Agosti
Mkono hautaki kuandika. Naandika.

Jana tuliondoka baada ya chakula. Daktari amesema jicho la kushoto litapona kama mama ataendelea na dawa na kurudi tarehe ishirini. Asiporudi, jicho limekwenda. Tulifika Kanazi tukakuta dada yake Koku ana homa kali. Koku akashuka abaki naye. Akaniambia niendelee, mama asichelewe. Nikabaki na mama mkwe. Yeye nyuma, kanga imefunika uso. Mimi nikageuza kioo kikatazama paa, nisije nikamwona kwa bahati mbaya.

Baada ya mwendo kidogo akaanza kukohoa. Nikadhani vumbi, na harufu nikadhani ni ya injini. Nikafunga dirisha. Akakohoa tena, mara nyingi, na kila akikohoa nilisikia kiti kinalia, anasogea huku na huku. Nikaona aibu kumsikia mama mkwe anavyohangaika. Nikaongeza sauti ya redio.

Hapo ndipo kalamu inapogoma. Niliongeza sauti.

Tuliingia uani kwao Muleba na moshi unafuka kutoka kiti cha nyuma. Mama mkwe alishuka taratibu, hakupiga kelele. Kanga yake imeungua nyuma, paja limebabuka, kisigino pia. Rwegasira, kaka yake Koku, alikimbia na ndoo ya maji akamwaga kitini. Kisha akafungua kikapu cha mama, akatoa kiko anachovutia tumbaku. Akakinyanyua juu, watu wote waone. Akasema, "Mama! Umechoma gari la mkweo kwa kiko!"

Mama mkwe alikuwa amegeukia migomba. Hakujibu. Angejibuje na mimi nimesimama pale?

Nami nilisema, "Bahati mbaya tu, shemeji." Maneno hayo hasa. Nikaambiwa mimi ni mtu mwema. Nikapewa kahawa ya kutafuna, ile ya heshima ya mgeni, nikatafuna.

Jumatatu, 8 Agosti
Nimeinua kiti. Chuma cha kiti kimesaga waya wangu mpaka shaba. Waya mzima umeungua, na manyoya yaliyojazwa kitini yameungua kuufuata. Fyuzi niliyoizungushia haikukatika. Karatasi ya sigara inang'aa kama siku niliyoiweka.

Kiko hakikuwa na hata majivu. Nilikiona mikononi mwa Rwegasira. Kilikuwa kitupu.

Jumatano, 10 Agosti
Fundi Salum amelitazama gari. Aliitoa ile karatasi kwa ncha ya bisibisi, akaiweka kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake. Akaniuliza nani alikuwa amekaa nyuma. Nikasema hakuna mtu.

Mimi ni mwongo. Nimeandika.

Ijumaa, 12 Agosti
Koku amerudi. Dada yake amepata nafuu, naye akaenda Muleba kumwona mama. Habari zake ni mbaya. Mama amekivunja kiko kwa jiwe, mbele ya wajukuu. Alikuwa na kiko hicho tangu Koku hajazaliwa. Rwegasira anamsema kila siku, kwamba ameaibisha ukoo kwa mkwe msomi. Na Koku naye amemgombeza. Alinieleza kwa fahari kidogo, ili nijue yuko upande wangu. Nilitaka ardhi ipasuke.

Halafu la mwisho. Mama amesema hatapanda tena gari la mkwe, asije akalichoma mara ya pili. Lori halimfai, paja bado bichi. Kwa hiyo tarehe ishirini haji.

Yaani jicho.

Jumapili, 14 Agosti
Ibada. Tulikiri dhambi kwa pamoja, kama kila Jumapili. Nilisoma kwa sauti kuliko wote. Baada ya ibada mzee mmoja wa kanisa alinipa pole ya gari. Akasema wanawake wa zamani na viko vyao, mtihani. Nikatikisa kichwa, kama anayekubali. Nikifika kaburini nitakuwa bado natikisa.

Nimejitetea kwa kila namna. Kwamba hakuna aliyekufa. Kwamba mwalimu akidharauliwa, watoto hawatamsikiliza. Kwamba jeraha la paja litapona lenyewe. Utetezi wote unafika kwenye jicho unakwama.

Jumanne, 16 Agosti
Nimemwambia Koku. Alikuwa anamenya ndizi. Nilimweleza yote, karatasi ya sigara, waya, kikohozi, redio. Nilimweleza hata Fundi Salum na uwongo wangu. Aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha. Nilitegemea atalia au atanitukana. Aliuliza jambo moja tu: kama mama alikohoa mara nyingi. Nikasema ndiyo.

Akanawa mikono. Akasema, "Nilimgombeza mama yangu." Tangu hapo hajasema nami. Chakula amekiweka mezani akaenda kula jikoni.

Jumatano, 17 Agosti
Nimeomba ruhusa ya siku moja kwa mkuu wa shule. Tumekwenda Muleba na Koku kwa lori la kahawa, mimi juu ya magunia. Nimebeba kibuyu cha rubisi, msokoto wa tumbaku na kiko kipya. Mwalimu, mtu wa kanisa, na kibuyu cha pombe kwapani. Watu walinitazama, nami niliona nimestahili.

Nilimwita Rwegasira kwanza na wazee wawili wa ukoo. Nilipiga magoti kwenye nyasi zilizotandikwa sebuleni. Mama mkwe alikuwa nyuma ya kiambaza cha matete, Koku amesimama mlangoni kati yetu. Nilisema, naye akarudia neno kwa neno, ingawa mama yake alikuwa hatua tatu tu kutoka kwangu na alisikia vizuri. Nilipofika kwenye redio, sauti ya Koku ilikatika. Akaanza tena. Kusikia maovu yangu mara mbili, mara ya pili kwa sauti ya mke wangu, hiyo ndiyo adhabu niliyoiogopa wiki nzima. Na kweli ilikuwa kali.

Rwegasira aliinama akatazama mikono yake. Kisha mama mkwe akasema, na mimi nilisikia kila neno, lakini ilinibidi ningoje Koku anipe.

"Anasema, waitu, kwa heshima, alijua tangu Kanazi kwamba kuna kitu kinaungua chini yake. Kiko chake kilikuwa kikapuni, hakina moto. Alikohoa ili ugeuke. Ukaongeza muziki. Basi akafikiri mkwe hataki kusumbuliwa."

Nililia. Mbele ya Rwegasira, mbele ya wazee. Sikujali.

Kisha Koku akaleta la pili. "Anauliza, siku nyingine akisikia harufu na mimi sipo, amwambie nani?"

Mzee mmoja alisema mila ni mila. Mwingine akasema mila haikujua kwamba magari yatakuja. Walibishana hadi kibuyu kikawa nusu. Mwishowe Rwegasira akainuka, akatoka nje, akarudi na fimbo ya mama ya kutembelea. Akaipitisha upande wa pili wa matete. Akasema, "Mama agonge."

Ikakubalika. Fimbo si neno. Akigonga kiti changu, nitasimama, nitashuka, nitatazama kila kitu isipokuwa yeye.

Alikipokea kiko. Sikuona. Nilisikia harufu ya tumbaku tunapoaga.

Ijumaa, 19 Agosti
Fundi Salum ameng'oa redio, ameweka waya mpya na fyuzi ya kweli. Alitaka kujua kama nataka redio irudishwe, sasa ifungwe vizuri. Nikasema hapana. Nilimwambia pia ni nani alikuwa amekaa nyuma. Akasema alikwisha kusikia, Bukoba ni ndogo. Kwenye dashibodi kumebaki tundu la mstatili. Kila atakayepanda atauliza, nami nitaeleza.

Darasani leo nimefundisha fyuzi upya. Nimewaonyesha karatasi ya sigara, nikawaambia nani aliitumia na nani aliungua. Walicheka sana. Kisha mmoja akauliza kama mama mkwe amepona. Nikasema anapona.

Jumamosi, 20 Agosti
Tumemchukua alfajiri. Koku mbele, mama nyuma, mto umewekwa upande wa paja linalouma. Kioo kimetazama paa. Kimya garini, injini tu na mawe ya barabara. Koku alisema nami leo. Alisema nipunguze mwendo kwenye kona.

Daktari ameridhika na jicho. Dawa wiki nne zaidi, lakini limepona. Mama amesema aliona rangi ya ziwa kwa jicho hilo kutoka mlangoni mwa hospitali. Koku ndiye aliyeniambia.

Kurudi, Koku alishuka tena Kanazi kumwona dada yake. Alinitazama kabla ya kufunga mlango. Nikaendelea na mama mkwe peke yetu. Baada ya Kanazi kidogo, mahali palepale nadhani, fimbo iligonga mgongo wa kiti changu mara mbili.

Nilisimamisha gari ghafla mno. Nikashuka. Nikanusa milango, nikainama chini ya gari, nikafungua boneti, nikagusa kila waya. Hakuna moto, hakuna moshi. Nikamwelekezea mgongo, nikangoja kando ya barabara, sijui nifanye nini. Kanga ikapapatika, nikasikia anacheka kidogo, peke yake, chini chini.

Hakukuwa na kitu. Alitaka tu kujua kama nitasimama.

Nikarudi kwenye usukani, tukaendelea mpaka Muleba.