Saa ya Farasi Darajani

Dada Nhàn mpendwa,

Natumai barua hii inakukuta mzima, na uvimbe wa mguu wa Mama umepungua. Mimi na Khoát hatujambo. Mchuzi wa dagaa uliotutumia umekwisha; mdogo wetu huyo aliumwaga juu ya kila kitu isipokuwa chai.

Daraja limebakiza kipande kimoja. Pande mbili zimetoka kila moja kwenye mnara wake, zimeshikwa na kamba za chuma, na katikati, juu ya mto, kuna pengo. Kipande cha kuliziba nilikichora kiingie kabla ya jua kutoka, chuma kikiwa kimepoa. Jua likipanda, pande zote mbili hurefuka na pengo hupungua.

Mkurugenzi Bính ameamua kiingizwe Jumapili adhuhuri, saa ya Farasi, kwa kuwa kalenda imesema ndiyo saa njema. Nilimweleza kwamba hakitaingia. Akasema basi kipunguzwe kidogo, kwani ni shida gani, wageni wakubwa hawaamshwi usiku. Nikamwambia kikipunguzwa kitaingia, lakini usiku chuma kitasinyaa na kuvuta bolti ambazo hazijakazwa zote, hata kuzikata, na wakazaji watakuwa wamesimama papo hapo. Akaniuliza kama chuoni nilisomea madaraja au uoga. Nilikataa kutia saini. Atasaini naibu wangu.

Khoát ni mmoja wa wakazaji hao. Nilimsihi ajifanye mgonjwa. Alicheka, akasema, "Kaka, uchore wewe, halafu wa kwanza kukimbia awe ndugu yako? Wenzangu wataniita bibi harusi mpaka nizeeke."

Dada, saa hiyo hakuichagua Bính. Alituma mtu kwa Mama, kama wanavyomwendea wote wenye ndoa na misingi ya nyumba awachagulie saa. Mama akaitafuta kwa mwaka niliozaliwa, wa Mbwa, unaopatana na Farasi, ili daraja liniletee jina. Nilipompigia simu aliniambia mhandisi asimfundishe kazi yake, akakata. Hajasahau nilivyoicheka kalenda yake mbele ya wageni siku ya Tet, mwaka mpya ulipoingia. Simu yako nayo huipokea yeye, ndiyo maana nampa barua hii kondakta wa basi.

Bính hanisikilizi mimi, lakini hainui hata ndoo kinyume cha neno la Mama. Mwombe Mama aiangalie tena kalenda kabla ya Jumapili. Saa ya Chui ni kabla ya alfajiri, na inamfaa Mbwa vilevile. Usimwambie amekosea. Mwambie tu kwamba darajani hatasimama mwanawe wa mwaka wa Mbwa. Atasimama Khoát, wa mwaka wa Panya. Mama anajua kuliko mimi kwamba Farasi na Panya ni mahasimu, na wakikutana huwa nini. Mimi niliyecheka sina kingine cha kushika.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama mshikie mikono yote miwili kwa niaba yangu.

Ndugu yako,
Lượng