Kiapo Ninachokuomba kwa Ajili ya Zimasa

Kwazakhele,
Gqeberha.
Jumatano, 11 Machi

Mpendwa Dada Pumla,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye upepo wetu usiochoka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti lako limepoa, na wale wazee unaowauguza huko Dublin hawakumalizi nguvu. Sisi tu wazima kwa kiasi chetu. Mama presha yake inapanda na kushuka inavyojisikia. Juzi alimfukuza nesi wa kliniki, akamwambia mwenye binti nesi Ulaya hapimwi na mwanagenzi. Kaka Mlungisi amepata kibarua bandarini, kwa hiyo sasa anachelewa kurudi na anakula mara mbili zaidi.

Najua unashangaa kuona barua ya mkono, wakati simu ninayo. Kwenye simu unanikatiza, dada. Nikianza habari za mwanao, unasema mtandao umekuwa mbaya. Karatasi haina mtandao. Nampa Noluvo, mwenzako wa wodi aliyekuja kumzika baba yake, naye anapanda ndege Jumapili. Nimemwagiza akukabidhi mkononi, akusimamie mpaka umalize kusoma.

Ujumbe wako nimeupata. Unataka nimkalishe Zimasa chini, amwombe mpenzi wake Vathiswa radhi, warudiane, kwa kuwa mwenye nguvu ndiye anayepaswa kujizuia. Niliusoma nikiwa duka la nyama, mteja amesimama mbele yangu na kilo yake ya shingo, nikashindwa hata kumrudishia chenji. Nani amekuambia kwamba Zimasa ndiye aliyepiga? Ni Vathiswa mwenyewe. Na wewe ukaona imetosha.

Mwanao yuko kwangu, chumba cha uani. Mkono wa kulia una plasta kuanzia vidoleni hadi kwenye kiwiko. Kwenye karakana ya matairi wamemshikia nafasi yake, lakini mwenye karakana hatasubiri milele. Chakula hakili vizuri. Nikimpikia umngqusho wetu wa mahindi na maharage, anachokonoa maharage na kuyasogeza pembeni kama alivyokuwa akifanya utotoni.

Naelewa kwa nini unaona ugumu kuamini. Zimasa ni jitu la mtu, anabeba tairi la lori begani, anavaa suruali na kofia, sauti nzito. Vathiswa ni kitoto cha kiuno chembamba, anaimba kwaya, anakuita Mama, hakosi kukutumia salamu za Jumapili. Ulichukua miaka mingi kukubali kwamba binti yako anapenda wanawake. Nakumbuka ulivyolia, nakumbuka na ulivyonyamaza. Kisha akaja Vathiswa na heshima zake, akakulainisha. Nilifurahi, kweli nilifurahi. Ila sasa umemkubali mkwe kuliko uliyemzaa.

Vathiswa alianza kumpiga Desemba ya mwaka juzi. Zimasa hakuniambia. Alikuwa akija dukani na alama shingoni, akisema ni jeki imemteleza. Nilipombana akacheka: “Mama mdogo, nitamwambia nani kwamba nimepigwa na Vathiswa? Atakayeamini nani?” Nikamwambia mimi naamini. Ndipo akalia, mbele ya wateja, na lile jumba lake la mwili. Siku ile nilifunga duka mapema.

Tulikwenda polisi. Dada, laiti ungekuwepo! Sajenti alimtazama Zimasa juu hadi chini, akamtazama Vathiswa aliyekuwa ameitwa, akauliza, “Sasa hapa mume ni nani?” Nikamwambia hakuna mume hapa, kuna anayepiga na anayepigwa. Akamgeukia Zimasa: “Wewe kaka-dada, na mwili wote huo, unaogopa kifaranga?” Wenzake wakacheka mpaka mmoja akamwaga chai. Waliandika kwamba tumeshauriwa kwenda kusuluhishana nyumbani.

Kwa bahati tukampata Bi. Jordaan, afisa wa ustawi wa jamii. Yeye hakuuliza mume ni nani. Alimuuliza Zimasa anaogopa nini, akamsikiliza mpaka mwisho, akamtafutia kitanda kwenye nyumba salama ya wanawake, ile ambayo anuani yake haisemwi ovyo. Hata huko hawakumpokea vizuri. Wanawake waliokimbia waume zao walimwona akiingia na begi, wakaanza kuita watoto wao ndani. Mmoja alimwambia mlinzi, “Mbona mmetuletea tulichokikimbia?” Zimasa alilala siku ya kwanza kwenye benchi la kufulia nguo ili asiwatishe. Akamwomba Bi. Jordaan asimwambie mtu yeyote anamkimbia nani. Basi wakadhani naye kamkimbia mwanamume, wakamwacha.

Mimi nikakuambia wewe alipo, kwa sababu wewe ni mama yake na ulikuwa hulali. Nilikuambia wewe tu.

Sasa sikiliza kilichotokea Alhamisi ile, maana naona umehadithiwa kingine. Unajua Alhamisi ni siku ya akina mama wa manyano, wale wa umoja wa maombi wa kanisani. Pale kwenye nyumba salama wana desturi ya kuja kuwaombea wanawake, wakiwa na blauzi zao nyekundu, sketi nyeusi na kofia nyeupe. Mlinzi wa getini kazi yake ni moja: mwanamume haingii. Hata fundi bomba haingii mpaka asindikizwe. Akina mama wa manyano hawaulizwi kitu, wanafunguliwa lango lote. Vathiswa alivaa blauzi ya mama yake, akabeba Biblia, akaingia katikati yao akiimba. Mlinzi alimwamkia.

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Sisi tulikuwa tunakitafuta kwenye suruali za wanaume tu.

Alipomwona Zimasa alimkumbatia mbele ya wote, machozi yanamtoka: “Dada yangu, nimekuletea dawa yako ya pumu!” Akina mama wakaguswa, wakampandishia wimbo. Kumbe huku amemnong’oneza sikioni: “Toka nje tuongee, la sivyo nawaambia hawa wote wewe ni nani na mimi ni nani wako.” Bi. Jordaan hakuwepo siku hiyo. Wengine wote hawakujua kitu. Zimasa alitazama zile kofia nyeupe, akawatazama wale wanawake waliokuwa wameanza tu kumzoea, akatoka. Mtu anayeinua lori kwa jeki alishindwa na aibu.

Gari lilikuwa limeegeshwa kona ya pili. Mkono wa Zimasa ulibanwa na mlango wa gari, na mlango ukafunguliwa, ukafungwa tena juu ya mkono uleule. Siandiki zaidi. Dawa yake ya pumu alikuwa nayo mfukoni muda wote.

Jioni nilipopiga simu nyumba salama nikiwa hospitali, waliniambia Zimasa ameondoka kwa hiari yake na dada yake, na kwa kanuni zao anayetoka bila ruhusa hupoteza kitanda. Nikasema dada gani, Zimasa hana dada! Wakasema samahani, kitanda kimeshatolewa. Kimepewa mwanamke mwenye watoto, na sina kinyongo naye hata kidogo. Ila nilikaa kwenye korido ya hospitali nikajiona kama mpumbavu.

Unanijua siwezi kuacha jambo. Nilikwenda kwenye kamati yao. Mwenyekiti, Mama Ngesi, ni mtu mzuri, anashona blanketi za watoto pale kwa mkono wake. Akaniambia kwa upole, “Mama, kanuni yetu ni nyepesi. Mwanamume haingii. Na hakuna mwanamume aliyeingia.”

Nikamwambia, “Basi kanuni imefanya kazi yake, na mtoto kavunjika mkono.”

Niliwaomba wamuulize kila anayepokelewa: unamkimbia nani, yukoje, unayo picha yake? Picha akabidhiwe mlinzi, iwe ya mwanamume au ya mwanamke. Na mtu akitolewa kwa vitisho asihesabiwe mtoro. Haya hayahitaji mfadhili wala semina. Mzee mmoja wa kamati akakohoa, akasema wakianza maswali hayo wataonekana wanahamasisha mambo. Nikamuuliza, “Kuhamasisha nini, baba? Kuvunjana mikono?” Akanywa maji. Bi. Jordaan alikuwa amekaa pembeni yangu, akasema jambo hilihili amelileta kwao tangu zamani. Anaye pia kijana mmoja anayepigwa na mpenzi wake wa kiume, na huyo hana hata lango la kukataliwa. Analala kwenye kochi ofisini kwake, asubuhi anajificha chooni mkuu wa ofisi asimwone. Kamati ikasema italijadili baada ya Pasaka. Hadi Pasaka watu wakae salama wenyewe.

Nimechoka, dada. Nimechoka kueleza jambo moja kwa watu wema. Mtu mbaya unamtukana unapumua. Hawa wananipa chai.

Tulichopata ni hiki: mahakamani walitupa amri ya muda ya kumkataza Vathiswa asimkaribie Zimasa. Karani alitaka kuandika kwamba walikuwa wapangaji wa chumba kimoja. Nikamwambia aandike wapenzi, mkono wake hautaanguka. Akaandika. Lakini amri hiyo ni ya muda tu. Tarehe ishirini na sita mwezi huu wote wawili watasimama mbele ya hakimu, na Vathiswa amekwisha kutoa maelezo yake. Anasema Zimasa ndiye aliyempigia simu aje amchukue, kwamba asingeweza kuijua nyumba ile kama hakuelekezwa naye, na kwamba mkono uliumia katika kupigana ambako Zimasa alianza. Hakimu akiyaona yale maumbo mawili, unafikiri ataamini lipi? Amri itafutwa, na Vathiswa ataingia hapa uani kwangu mchana kweupe.

Sasa nafika kwenye neno lenyewe.

Ijumaa, siku moja baada ya Alhamisi ile, kabla hujajua lolote, ulinipigia ukimsifu Vathiswa. Ulisema Jumatano alikutumia ujumbe wa sauti kuomba anuani, kwamba Zimasa kaacha dawa yake ya pumu, na wewe kama nesi ukaogopa, ukampa palepale. Ukasema, “Mtoto ana moyo yule.” Mimi nilikuwa nimesimama kando ya kitanda cha mwanao. Nikasema nitakupigia baadaye, na baadaye hatukuelewana.

Sikulaumu kwa kuogopa pumu. Mama yeyote angetoa anuani. Ila sasa ni wewe peke yako duniani unayejua kwamba Zimasa hakumwita. Ujumbe ule bado unao, hufuti kitu wewe. Nenda ubalozini kwetu hapo Dublin, uape mbele ya ofisa ni nani aliyekuomba anuani, siku gani, na kwa kisingizio gani. Uutoe na ule ujumbe. Na utakapoeleza yule ni nani wa mwanao, usiseme rafiki. Bi. Jordaan atakupigia akueleze namna ya kuituma hati, mpokee.

Zimasa hajui anuani ilitoka wapi. Anamshuku mlinzi, anamshuku mpaka Bi. Jordaan, mtu pekee aliyemsikiliza. Mimi sijamwambia. Ukiapa, kiapo chako kitasomwa mahakamani na atasikia kwamba ni mama yake. Nimelifikiria hilo nikikata nyama, nikifua, nikiwa kanisani, wala sijaona njia ya kukuepusha nalo. Itamuuma. Lakini akijua kwamba mama yake alikosea, ataumia kisha atapoa. Akija kujua kwamba mama yake alijua na akanyamaza, huyo hatumpati tena, wewe wala mimi.

Mama anakusalimu, anasema umtumie yale majani ya chai ya pakiti ya kijani. Mlungisi anakusalimu, na mkewe Nozuko, na akina mama wa mtaa wote wanaokuulizia. Wasalimie wenzako wa wodi, na Noluvo umpikie chakula kizuri, ana msiba.

Mungu wa wazazi wetu akulinde katika baridi hiyo, akupe miguu ya kukufikisha ubalozini.

Zimasa hajui kwamba nakuandikia. Lakini jana, nikimfunga vifungo vya shati, aliniuliza, “Mama mdogo, hivi Mama bado anapokea simu za Vathiswa?” Nilimwambia sijui, nikaendelea na vifungo. Hilo nijibu kwanza.

Mdogo wako akupendaye hata anapokukasirikia,
Thozama