Matanga ya Kaporali Maliro

Beni, tarehe 26 Machi 2003

Kwa mdogo wangu Kakule,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Kikohozi cha baridi ya Butembo kimekuacha? Sisi tu wazima. Watoto wanakula, mimi nauza samaki wa chumvi sokoni kama kawaida, na mume wangu Maliro bado ni convoyeur, yaani analala juu ya magunia ya wenyewe kwenye camion, lori la mizigo.

Sasa nikwambie ukweli. Jirani yangu ana redio inayokamata kituo chenu siku zingine, na jana nimekusikia. Wewe, uliyesomeshwa kwa maharagwe ya mama, unajiita Colonel Tigris na kuwaeleza watu vita vya Iraki! Jangwa umeliona wapi? Eti mgeni wako ni tajiri aliyefika Dubai mara moja kununua vitenge, basi amekuwa mtaalamu wa Waarabu. Halafu mwimbaji wenu Apollinaire na gitaa lake: "Bagdadi funga mlango, mgeni anakuja na mwiko." Mtaa wetu wote unaimba. Huku kwetu risasi zinalia upande wa Ituri, lakini hizo hakuna anayezitungia wimbo.

Wanaume wa Beni nao wamegawanyika. Hawa ni Waamerika, hawa ni Wairaki, wanatukanana kwenye pombe na hakuna anayemjua Mwamerika hata mmoja. Nawadharau wote, na wewe nakuweka mbele yao, mimi dada yako mkubwa.

Yaya wako,
Léa

Butembo, tarehe 31 Machi 2003

Kwa Yaya Léa mwenye ulimi,

Kikohozi kimekwisha, asante kwa kuuliza. Hata nimenona kidogo. Umaarufu unalisha.

Unanidharau, lakini ulisikiliza mpaka mwisho. Yaya, watu wamechoka. Vita vya hapa ukivicheka leo, kesho askari wako mlangoni. Vya Iraki kila mtu anavicheka bure. Kwenye redio za Ulaya nachukua habari, naziongezea chumvi, Apollinaire anapiga gitaa, na Butembo inalala ikiwa imecheka. Kuna kosa gani?

Jambo lingine: nina mtu mpya katika mchezo. Anaitwa Kaporali Maliro, mwoga kuliko wote katika jeshi la Iraki. Unakumbuka siku ya arusi yenu, pneu ya gari ilipopasuka kwa kishindo barabarani na bwana arusi akaingia chini ya meza pamoja na keki? Nimeitumia yote. Jana alijificha ndani ya pipa, akawaomba Waamerika wapite polepole kwa sababu ana usingizi. Watu walicheka mpaka machozi. Msalimie shemeji, mwambie sasa ni mtu mkubwa.

Mdogo wako,
Kakule

Beni, tarehe 7 Aprili 2003

Kwa Kakule,

Afya yako nitaiuliza siku nikiwa na nafasi moyoni.

Watoto wanarudi kutoka shule wakilia. Wanaitwa batoto ba Kaporali. Maliro mwenyewe alicheka tu, unajua yeye hukasirika polepole. Wiki iliyopita alipanda camion ya bluu kwenda Komanda kuchukua maharagwe. Mpaka leo hajarudi, na safari ile haichukui muda huu wote. Dereva mmoja anasema kuna watu wenye bunduki wamefunga barabara kupita Eringeti, mwingine anasema hapana, ni tope tu.

Donc, basi, nakuomba, na unajua kukuomba wewe kunanichoma. Litoe jina lake katika upuuzi wako. Kisha soma tangazo: mwenye habari za camion ya bluu azipeleke parokiani Beni. Dakika moja tu, uiibe kutoka Bagdadi. Naogopa, Kakule.

Yaya wako,
Léa

Butembo, tarehe 12 Aprili 2003

Kwa Yaya Léa,

Nakuandikia mbio mbio, nikitumaini kwamba unapoisoma hii shemeji ameketi karibu nawe anakula.

Barua yako imefika leo tu. Zorobabel anayetuchukulia barua alikwama na gari lake kwenye tope. Jana, kabla sijaipata, tulikuwa tumefunga mchezo. Bagdadi imeanguka, kaporali naye lazima afe. Nilisoma communiqué, tangazo la kifo kama yale ya kweli, saa yake ileile, na muziki wake wa kanisa: "Familia inasikitika kutangaza kifo cha Maliro, shemeji ya Colonel. Matanga ni nyumbani kwake Beni." Butembo ilianguka chini kwa kicheko.

Usikunje uso. Tangazo lako litasomwa kesho. Na usiogope, mwoga kama yule anafika nyumbani kabla ya gari lenyewe.

Mdogo wako,
Kakule

Beni, Pasaka, tarehe 20 Aprili 2003

Kakule,

Walikuja. Barua yako ilikuwa bado njiani. Kahongya, baba mdogo wa Maliro, na ukoo wote wa Vuhovi.

Umesahau wazee wa Vuhovi wanavyosikiliza redio? Wanafungua saa ya communiqués peke yake, kisha wanafunga ili pile, betri za redio, zisiishe. Huyo Colonel wako hawamjui. Na wewe unajua kwetu communiqué ikisomwa mtu haulizi, anaacha jembe pale shambani na kwenda kulia. Walikuja na mbuzi na ndizi. Nilikuwa naosha sahani nikasikia kilio kinapanda njia, nikasema hawa wamepata habari ambazo mimi sijapata. Nilianguka palepale. Wanawake walinivua kitambaa kichwani, wakaniketisha chini. Nilimlilia mume wangu hadi jioni, ndipo Kahongya akasema: "Si ni ndugu yako alisoma ku redio? Alisema ni shemeki ya Kolonel."

Hapo nikaelewa, nikawaambia ni mchezo. Mzee alianza kumfungua mbuzi. "Tuliacha mashamba juu ya muchezo? Basi musituite tena ku redio yenu. Hata kama ni kweli." Walirudi na mbuzi wao.

Na Maliro bado hajulikani aliko. Ukiniuliza kama nakuchukia, jibu ni ndiyo.

Léa, yaya wako kwa bahati mbaya

Butembo, tarehe 3 Mei 2003

Yaya,

Sijui nikusalimu namna gani. Zorobabel amenifikishia maneno yako: camion imeonekana, na Maliro yuko chini yake.

Siku ileile niliingia studio bila gitaa, bila Colonel. Nilisoma tangazo la kifo chake kwa jina langu la ubatizo. Malachie, fundi wa mashine za studio, alianza kucheka kabla sijamaliza. Nje vijana wa chukudu, wale wanaosukuma mizigo kwa baiskeli za mbao, walinipigia makofi: "Colonel! Maliro amekufa tena? Alifufukaka siku gani?" Niliwaambia ni kweli, ni bwana wa dada yangu. Wakazidi kucheka. Mmoja alisema: "Ona vile anajua kulia!"

Nimefika Vuhovi kwa miguu. Kahongya hakufungua. Nilimwapia kwa kaburi la mama, akanijibu akiwa ndani: "Ule tulishamulilia. Enda." Nilikaa uani kwake mpaka mvua ikaninyeshea.

Nakuja, Yaya. Nakuomba usimzike kabla sijafika.

Mdogo wako,
Kakule

Beni, tarehe 5 Mei 2003

Kakule,

Sikukungoja. Mwili ulikuwa umeshakaa sana njiani.

Alikuwa amejificha. Ndiyo, alikuwa chini ya camion, kwa woga, kama ulivyomsimulia wewe. Wenye bunduki walimpiga risasi hapohapo. Alikuwa mwoga na alikuwa akirudi nyumbani kila safari, na mimi nilimpenda hivyo.

Majirani walitoa pole wakiwa wamefunga midomo kwa mikono, na niliona mabega yao yakitikisika kwa kicheko. Waliochimba kaburi ni watu waliokimbia Komanda, wanalala katika darasa la shule hapa nyuma. Hatujuani. Wanawake wao waliketi nami chini, wakaniuliza jina lake ili wamlilie vizuri. Nililitaja nikiwa nimeinamisha uso, kwa aibu uliyonitia wewe. Hakuna aliyetabasamu. Walimlilia kwa jina lake mpaka asubuhi.

Hao hawana redio.

Léa