Siku Niliyojaza Ubao

Shangazi, shikamoo. Jambo hili limenikwama kooni na mume wangu amechoka kulisikia, basi nakuletea wewe. Nafundisha fizikia chuo kikuu, mwaka wa kwanza, wanafunzi mia mbili na kitu, na kwa miaka mingi nilisoma notisi wao wakaandika, mtihani ukija nusu wanaanguka na sisi walimu tunasema watoto wa siku hizi wavivu, mpaka mwaka juzi nikaanza kuwapa swali moja gumu wabishane wanne wanne, mimi napita katikati ya madawati nikisikiliza, na Shangazi, ukumbi ulikuwa na kelele kama soko lakini walianza kufaulu, hata wale wa kukaa nyuma. Sasa naomba kupandishwa cheo, na kamati hutuma mkaguzi mwenye fomu inayouliza mhadhiri amezungumza dakika ngapi na ubao umejaa kiasi gani, hakuna mahali pa kuandika kama mwanafunzi ameelewa. Mkuu wa idara, ambaye ni kama kaka yangu, akaniambia, "Siku hiyo usiniletee mambo ya vikundi. Jaza ubao, upate cheo chako." Nikajaza. Nilizungumza dakika hamsini bila kunywa maji, mkaguzi akanipa mkono, na alipotoka tu binti mmoja wa dawati la mbele akaniuliza taratibu, "Mwalimu, leo tumekukosea nini?" Nilikusanya karatasi zangu nikaondoka, na tangu hapo nimerudia kusoma notisi kwa sababu naona haya kuwatazama. Cheo nakitaka, nimekingoja miaka tisa. Nifanyeje?

Mwalimu wa mwaka wa kwanza

*

Marahaba, mwanangu, na pole. Kutaka cheo ulichokitolea jasho si dhambi. Ila sikufichi: kujaza ubao ndilo kosa lako dogo. Kubwa ni kwamba ulifundisha vizuri kwa kujificha, bila kuwashirikisha wenzako. Ukihama kesho, atakayekuja atafungua notisi zilezile.

Fomu hiyo haikushuka kutoka mbinguni. Imeandikwa na watu unaokunywa nao chai. Chukua matokeo ya miaka mitatu, umtafute anayewapokea wanafunzi wako mwaka wa pili aseme anachokiona, na mwenzenu wa kemia au biolojia pia, maana siamini uko peke yako. Nendeni pamoja kwa huyo kaka yako, mwombeni jambo moja tu: dakika za mhadhiri zifutwe, iandikwe wanafunzi walifanya nini, na alipeleke hadi kamati ya chuo kizima. Kisha omba ukaguliwe upya, katika kipindi chako cha kweli. Huenda cheo kikachelewa mwaka mwingine. Itauma, sikudanganyi.

Lakini kabla ya kamati, kuna kipindi chako kijacho. Notisi ziache ofisini. Mwambie yule binti, mbele ya wenzake wote, kwamba hawakukukosea kitu, ni wewe uliyemwogopa mtu mwenye fomu. Halafu wape swali, uwaache wapige kelele.