Majina Yasiyorukwa

Pongwe, Tanga

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mwanao Lea ni mzima. Nakula, nalala, na joto la huku tumeshazoeana, ingawa hatupendani. Goti lako linaendeleaje? Obadia aliniambia kwenye simu kwamba baridi ya safari hii imeunguza majani ya viazi kule bondeni. Nikacheka peke yangu, kwa maana siku hiyo hiyo mimi nilikuwa nimelala sakafuni nikitafuta pa kupoza mgongo. Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu huisikii, na hata ungeisikia huitaki. Barua nampa dereva wa lori linaloleta viazi vya kwetu hapa Tanga. Ni mtu wa Njombe, amesema nyumba yetu anaijua.

Obadia aliniambia na jambo jingine. Kwamba tangu tumzike mama hujafungua Biblia. Kwamba alikukumbusha, ukamjibu, "Nilishaisoma yote." Najua ni kweli umeisoma yote, tena si mara moja. Lakini mwinjilisti aliyewaamsha wanawe kila alfajiri miaka yote ile akisema hivyo, Baba, mimi huku mbali siwezi kujifanya sikusikia. Niliumia. Ndiyo sababu nakusimulia jambo lililotokea hapa jikoni kwetu, halafu utapima mwenyewe.

Unajua kazi yangu ni kupika kwenye shule ya bweni ya wasichana. Tuko watatu. Mpishi mkuu ni Bi Mwanahamisi, mtu wa Pangani, mtu mzima, Mwislamu wa sala zote, mkali kwa chumvi na kwa mtu anayechelewa. Mwingine ni Editha, binti wa Kibondei kutoka Muheza, ambaye mumewe anakata mkonge. Tunawasha kuni kabla hakujapambazuka. Sufuria la uji likishawekwa motoni kunakuwa na nafasi ya kukaa, maana uji wa wasichana wote wale hauchemki upesi, na hapo ndipo mimi husoma. Nilianza kusoma peke yangu kwa sauti ya chini. Siku moja Bi Mwanahamisi akaniambia, "Wasema na nani huko? Kama ni maneno ya Mungu, pandisha sauti na sisi tusikie. Kama ni umbea, pandisha zaidi."

Basi nikapandisha. Editha aliishia darasa la nne na kusoma kulikuwa kunampa taabu, kwa hiyo nikampa mstari mmoja kila siku, halafu miwili, mpaka akawa anachukua nusu sura huku anachambua maharage. Nilimfundisha kama ulivyotufundisha wewe: husomi unapopapenda, unasoma panapofuata. Yeye alikuwa amezoea ile mistari mitamu ambayo watu hutumiana kwenye simu, yenye picha za maua. Alinuna kidogo tulipofika kwenye sheria za ngozi na ukoma. Nikamwambia baba yangu alitusomea hizo wakati wa kula, na tulikula.

Halafu Editha akaenda kujifungua. Mtoto alizaliwa wa kiume, akaishi siku chache, akafa. Walimzika kwao Muheza, wanawake wachache tu, haraka haraka. Aliporudi kazini, mchana mmoja, alikuwa anafanya kila kitu kama kawaida ila hasemi. Kila aliyekuja jikoni alimwambia neno lile lile: bado msichana, utapata mwingine. Hata mwalimu wa zamu alimwambia hivyo huku anaonja mboga. Editha anaitikia, "Asante."

Asubuhi ya kesho yake, tulikuwa tumemaliza Wafalme na tumeingia Mambo ya Nyakati. Wewe unajua kuna nini pale. Majina. Fulani akamzaa fulani, ukurasa baada ya ukurasa. Nikamtazama Editha, ungo wa maharage mapajani, macho makavu. Nikajiambia siwezi kusoma orodha ya watu wanaozaa mbele ya mzazi aliyetoka kuzika. Nikafunua mbele kwenye Zaburi kutafuta kitu laini.

Bi Mwanahamisi alikuwa anakoroga, ametupa mgongo. Akasema bila kugeuka, "Karatasi nyingi zimepita hapo."

Nikamwambia, "Bi Mkubwa, leo ni majina matupu. Kama ya jana."

"Kwani jana yalikuuma?"

"Hayakuniuma."

"Haya. Mie kitabu chenu sikijui, lakini kusoma nakujua. Chuoni kwetu, kwenye Kurani, mtoto akiruka, mwalimu amrudisha juu kabisa, na bakora juu yake. Rudi ulipotoka."

Baba, nilihisi ni wewe umesimama pale na kanga kichwani. Nikarudi. Nikasoma majina, moja moja, bila kukimbia, maana ulitukataza kukimbiza jina la mtu. Ukoo wa Yuda ni mrefu. Uji ulianza kutoa povu na mimi bado nipo kwa wana na wajukuu. Nikafika mahali panapotajwa mtu anayeitwa Seledi, na habari yake yote ni kwamba alikufa bila kuwa na watoto. Nikaendelea.

Editha akasema, "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Huyo alifanya nini?"

"Hakuna kilichoandikwa kwamba alifanya."

"Hakupigana vita? Hakuwa mfalme?"

"Hapana. Alizaliwa, akafa. Hana mtoto."

"Na wamemwandika."

"Wamemwandika."

Akaweka ungo chini. Akasema, "Mimi wangu nilimpa jina. Wenzangu walisema hakubatizwa, basi ni kichanga tu, nisahau. Lakini nilimpa. Anaitwa Samweli." Hapo ndipo alipolia, na alilia sana. Mimi nikabaki nimeshika Biblia. Bi Mwanahamisi alifunika sufuria, akaja akakaa naye kwenye benchi, akasema, "Samweli. Haya, mwanangu. Sasa tumemjua." Uji uliungua kidogo siku hiyo na wasichana walilalamika.

Tangu siku ile Editha husoma mwenyewe. Jumamosi mchana, wasichana wakifua, baadhi huja kukaa naye nyuma ya jiko na kila mmoja anapewa mstari wake. Juzi mmoja alimwomba waruke orodha ya mabawabu wa hekalu. Nikamsikia akimjibu, "Ah-ah. Soma. Huwezi kujua nani yumo humo." Nilijisikia fahari, nikaenda kuosha masufuria.

Sasa nakuja kwetu. Siku ile ile, Editha alipotulia, Bi Mwanahamisi alinigeukia. Anajua kwamba nilikuja kuzika nyumbani. Akaniuliza, "Na mamako je? Aitwa nani?" Nikafungua mdomo, nikashindwa. Si kwa kilio, unanijua mimi si mtu wa machozi. Ni kwamba sijawahi kulitamka. Mtu hamtaji mama yake kwa jina. Kijiji kizima kilimwita Mama Obadia. Ni wewe peke yako uliyemwita kwa jina lake, kila alfajiri, kutoka barazani, na sisi watoto tukisikia hivyo tulijua Kitabu kimefunguliwa na hakuna tena kulala. Obadia anasema siku hizi mtu akimtaja, wewe unatoka kwenda kuangalia viazi. Basi nimewaza, Baba: wewe ukinyamaza, nani mwingine analisema jina lake?

Nililisema. Naona ulikuwa utovu wa adabu, unisamehe. Nililisema mbele ya Mwislamu wa Pangani na Mbondei wa Muheza, na wote wawili walilirudia polepole, na jina likakaa vizuri jikoni.

Nisalimie kaka Obadia, asinune kwamba nimemsemea. Nisalimie wifi yangu na mtoto wake mpya, shangazi aliyeniachia blanketi lake nilipokuja msibani, na yule mzee jirani anayekaa nawe kanisani benchi la mbele na kusinzia. Bi Mwanahamisi anakusalimu. Anasema ulifundisha vizuri, ila chumvi hukufundisha.

Sikuombi usome Zaburi, wala usome ya Seledi. Soma panapofuata pale ulipoachia. Najua kilichokuzuia si kwamba umeimaliza. Ni kwamba huna wa kumwita. Nakuomba, kesho alfajiri ukae barazani mahali pako, na kabla hujafungua, mwite kama zamani, kwa sauti, hata Obadia asikie huko ndani:

"Damari, njoo tusome."

Ni mimi mwanao,
Lea